Kati ya Kuboa na Kuboeka

Dukani, Kariakoo
Alhamisi, saa nane mchana

Nasra mwanangu,

Barua za enzi zetu zilianza kwa kuuliza kama huyo unayemwandikia hajambo. Wewe nimekuona asubuhi ukimaliza chapati tatu, na ya nne ukaifunga kwenye karatasi uende ukiila njiani, kwa hiyo hujambo, najua. Mimi pia sijambo.

Umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, na wakati unatoka nilikwambia usiharakishe kurudi. Ukanitazama vile unavyonitazama siku hizi, kwa adabu, ukasema, "Sawa Mama," ukashuka ngazi. Nilikuwa nataka nafasi ya kuandika, basi. Lakini nilipokuona mgongo nikajua umesikia jambo lingine kabisa: kwamba hata leo, siku ya mwisho, Mama hanitaki karibu. Nilitaka kukuita urudi. Nikabaki nimeshika mlango.

Sitakuandikia habari za koti, wala pasipoti, wala wanaume. Shangazi yako anakueleza hayo sasa hivi, kwa mpangilio huohuo, na anayajua kuliko mimi. Mimi hata huo mji wenyewe mpaka mwezi wa jana nilikuwa nauita Winduhuku, ukawa unanisahihisha huku unacheka: Mama, ni Windhoek. Miaka mitatu utakaa huko Namibia kusomea upimaji wa ardhi, na mimi nitakuwa hapa napima mpira wa sketi. Ninachotaka kukueleza ni habari ya neno moja la Kiingereza. Unaruhusiwa kucheka mwanzoni.

Ulikuwa darasa la nne. Baba yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Duka lilikuwa hilihili la vifungo, zipu, nyuzi na bitana, lakini lilipokuwa mikononi mwake lilikuwa kijiwe. Fundi cherehani anakuja kununua kifungo kimoja cha shati, anakaa saa nzima. Baba yako alikuwa na stori ya kila kitu, hata zipu iliyokwama aliitungia stori. Mimi nilikuwa nyuma nahesabu vifungo, nacheka na wengine. Alipoondoka nikasogea mbele, nikakaa kwenye stuli yake, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mimi si mtu wa stori. Najua saizi, najua bei, najua uzi upi hautoi rangi ukifuliwa. Mafundi wakawa wananunua wanaondoka. Siku moja nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake pale kizingitini, "Duka limepoa hili siku hizi." Wala hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo lilinikaa kifuani, na nilikuwa natembea nalo.

Kisha inafika saa tisa, unaingia wewe. Unatupa begi chini ya meza, unamwaga boksi la vifungo vilivyochanganyika, unaanza kuvipanga. Unakumbuka? Vya shati walikuwa wanafunzi. Vya koti, kwa kuwa ni vikubwa, walikuwa walimu. Kile kimoja cha dhahabu kilichobonyea kilikuwa mwalimu mkuu, na ulikuwa unakipigia saluti. Ulikuwa unanisimulia shule nzima bila kuvuta pumzi, nani kachapwa, nani kajisaidia darasani, nani kaleta andazi lenye sisimizi. Mimi nilikuwa nasema "ehe" na "halafu?" tu. Saa hizo ndizo zilizokuwa zinaniweka hai, Nasra. Sikukwambia. Nilidhani unajua.

Basi siku moja, wewe umetumwa mihogo, mimi nikachukua daftari lako la Kiingereza nikawa nalipekua. Unajua mama yako na Kiingereza. Nilipata B kidato cha nne, na mtu wa Kariakoo ambaye hajaambiwa hilo basi hajawahi kununua zipu kwangu. Nikafika ukurasa ulioandikwa juu "My Mother". Nikatabasamu. Nikakaa vizuri. Ulikuwa umeandika hivi, nakumbuka neno kwa neno, na mwandiko wako ulikuwa mzuri kweli:

My mother is selling buttons.
My mother is boring.
Every day she is boring.
So I am running from school.

Chini yake mwalimu amepiga tiki, kubwa, ya wino mwekundu, na neno "Good".

Nikasoma mara ya pili. Mama yangu anauza vifungo. Mama yangu anaboa. Kila siku anaboa. Kwa hiyo natoroka shule. Hiyo ya mwisho sikuielewa vizuri, nikaona ni mtoto aliyechanganyikiwa kwa sababu ya nyumba isiyo na raha. Lakini "boring" nilikuwa naijua. Boring ni mtu anayechosha, mtu ambaye ukikaa naye unatafuta mlango. Na mwalimu naye amethibitisha kwa wino.

Nikampelekea Bi Hansa, hapo mlango wa pili kwenye duka lake la vitambaa. Unamjua Bi Hansa, kitu kikimchekesha hakifichi. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akashika jora la kitambaa asianguke.

"Wewe! Mpaka mwalimu kapiga tiki! Basi imepita hiyo, Mama Nasra, iko rasmi!"

Akaniona sicheki. Akavua miwani.

"Mtoto huyo bwana. Muulize alitaka kusema nini."

"Nimuulize nini, Bi Hansa? Kiingereza nakijua."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimeyarudia kichwani mwezi huu mzima na kila mara natamani kumziba mdomo huyo mwanamke aliyeyasema. Ukarudi na mihogo, ina pilipili na kachumbari, ukanipa kipande kikubwa kama kawaida. Nikakitazama. Nikawaza, anafanya hivi kwa kunionea huruma tu.

Wiki iliyofuata nikakuandikisha tuisheni. Kila siku ukitoka shule, mpaka saa kumi na mbili, na Jumamosi pia. Ukaniuliza, "Na vifungo nani atavipanga?" Nikakujibu, "Dukani hakuna kazi yako." Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nilijitahidi iwe ya kawaida. Kichwani mwangu nilikuwa nakupa uhuru. Nilikuwa najiambia, mtoto amechoka kukaa na mimi, ni mdogo, anaona haya kusema, basi nimfungulie mlango aende kwa wenzake. Nilijiona mama mzuri, nasikia uchungu na sisemi. Kumbe nilikuwa nakufukuza.

Halafu ile likizo ya darasa la tano. Sijui kama unaikumbuka, mimi sijaisahau. Ulikuja dukani saa tisa ileile, hujatumwa, umebeba mihogo kwenye gazeti. Ukasimama nje ya kizingiti, hukuingia. Ulikuwa hujawahi kusimama nje ya duka hili ukingoja kukaribishwa. Na mimi nikakuuliza, "Huna vitabu vya kusoma?" Ukaweka mihogo juu ya meza taratibu, ukageuka. Niliiacha pale mpaka ikapoa, kisha nikaila yote peke yangu, na nikalia, na mteja akaingia nikamwambia ni pilipili.

Ulipofaulu kwenda kidato cha kwanza nikatafuta shule ya bweni. Watu walinisifu. Asubuhi ile kituoni, begi limeshapandishwa, ukanishika kiganja ukaniuliza, "Mama, kwani nimekosa nini?" Nikasema, "Hujakosa kitu. Kasome." Miaka sita ya bweni. Likizo ulikuwa unarudi kama mgeni mwenye adabu, unaosha vyombo, unauliza kama unaweza kuwasha feni. Kwenye nyumba yako mwenyewe unaomba ruhusa ya feni! Nilikuwa nakuona na nilikuwa nashindwa kuuliza, maana nilidhani jibu ninalo tangu siku ile, limepigwa tiki.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alikuwa fundi Sefu, yule kijana wa kushona sare, alitaka zipu nyeusi za inchi saba. Nimempa za inchi nane, akarudi kubadilisha, na hilo halijapata kunitokea. Tuendelee.

Mwezi wa jana ulifanya ule usaili wako wa chuo kwa kompyuta, ulipomaliza ukaja jikoni umechangamka. Sijawahi kukuona umechangamka hivyo tangu uwe mkubwa. Nilikuwa nakuna nazi. Ukajiegemeza mlangoni ukaanza kusimulia bila kuvuta pumzi, kama zamani, nami nikaacha kukuna ili mbuzi isikupigie kelele.

"Mama, leo nilikuwa makini! Nimesema bored, sijasema boring. Unajua kuna siku nilijiaibisha?"

Nikasema, "Ehe?"

"Fomu wani, wiki ya kwanza. Mwalimu wa Kiingereza ananiuliza, Nasra, unaionaje shule. Mimi nikasimama, nikajinyoosha, nikamwambia: Teacher, I am boring. Darasa zima chini! Nilitaka kusema naboeka, nimekumbuka nyumbani. Kumbe nimejitangaza kwamba mimi ndiye naboa! Waliniita Boring mwaka mzima. Mpaka leo kuna wanaoniita hivyo."

Ukawa unacheka peke yako. Kisha ukamalizia, wala hukujua unasema nini:

"Yaani tangu darasa la nne nilikuwa najua boring ndiyo kuboeka. Sijui nimeandika mara ngapi, na walimu wanapiga tiki tu!"

Nikasema mbuzi imenikwaruza kidole. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba lipige kelele, nikakaa juu ya ndoo. Uliniuliza kupitia mlangoni kama nataka plasta.

Nikaanza kuisoma upya ile insha, juu ya ile ndoo, bila daftari. Mama yangu anauza vifungo. Mama yangu ameboeka. Kila siku ameboeka. Kwa hiyo natoka shule mbio.

Natoka shule mbio! Nasra, ulikuwa unafika unahema. Kila siku ulikuwa unafika unahema, jasho linakutiririka mpaka kwenye kola, na mimi nilikuwa nakugombeza: kwa nini unakimbia, utagongwa, ona viatu. Ulikuwa unanijibu umekatiza viwanja vya Mnazi Mmoja ili uwahi. Sikuwahi kukuuliza unawahi nini. Wenzako walikuwa wanabaki kucheza, wewe unakimbia kuja kukaa na mwanamke asiyejua stori, kwa sababu uliona ameboeka. Shangazi yako hakuona. Bi Hansa ananiona kila siku na hakuona. Mimi mwenyewe nilikuwa naita ile hali uchovu. Mtoto wa miaka kumi aliona kwamba mama yake yuko peke yake, akaamua la kufanya, akaandika na kwenye daftari, akakosea herufi chache. Na mimi nikamwadhibu kwa hilo miaka kumi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kwa Kiswahili tusingepotezana. Hata Kiswahili cha vijiweni kinajua tofauti: anaboa ni yeye anayewachosha wenzake, ameboeka ni yeye aliyechoshwa. Muuza maji hapo nje anaijua. Ningekuuliza tu siku ile, mihogo ikiwa mikononi, "Mwanangu, hapa umesema naboa au naboeka?" ungenijibu na kipande mdomoni, tungecheka wote wawili, na kesho yake saa tisa ungeingia unahema. Swali la kumalizika kabla kachumbari haijatoa maji. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na B.

Na kwa sababu nilikuwa naogopa, niseme yote. Nilikuwa nimeshamsikia yule fundi na neno lake la duka kupoa. Nilikuwa nimeshajihukumu kwamba bila baba yako mimi ni mtu wa kuchosha. Daftari lako lilifika kwa mtu aliyekuwa anangoja kusoma jambo hilohilo. Kama ungeandika mama yangu ni malkia, labda ningeuliza ulikuwa na maana gani. Baya niliamini papo hapo. Hili ndilo kosa langu hasa, na hata sasa sijaliacha, nimeona tu kwamba ninalo.

Na tusidanganyane, nilikuwa naboa pia. Ehe, halafu, ehe, halafu. Mtu yeyote angechoka.

Unaweza kuuliza mbona sikukwambia tangu mwezi wa jana. Kila jioni nilijiandaa. Nilikuwa nakaa mezani, nasafisha koo, unainua macho, "Naam Mama?" na mimi nakuuliza kama umepata ujumbe wa chuo. Juzi tulikaa saa nzima tunakunja nguo zako, magoti yetu yanagusana, na bado nikashindwa. Nimezoea kukaa nawe nikiwa na hamu nawe, sijui kama unanielewa. Upo chumba cha pili nasikia unavyogeuza kurasa, na nina hamu nawe kama uliyeko safarini. Miaka yote hiyo. Sasa kweli unasafiri, na ndiyo kwanza najua kwamba ningeweza kukuita.

Fundi Sefu alipokuwa anabadilisha zile zipu, aliniambia, "Shikamoo Mama Nasra, nasikia mtoto anapaa kesho. Utaboeka sana wewe." Nikamwambia, "Marahaba. Sana." Akashangaa, maana watu wa hapa wamezoea nikiambiwa kitu cha namna hiyo najibu tutazoea. Nitaboeka sana, Nasra. Nataka uniamini na nataka usibaki kwa ajili hiyo. Nenda ukapime hiyo ardhi yote. Lakini ujue ikifika saa tisa mimi nitakuwa natazama mlango, kama nilivyokuwa nautazama hata miaka ile niliyokukataza usiupite. Nilikuwa nautazama. Nilikuwa najua kabisa saa hizi wamemaliza vipindi, saa hizi yuko tuisheni, saa hizi ana njaa.

Na huko ukiboeka, usijikaze. Utaboeka, hata mji uwe na barafu ya bure. Nipigie useme naboeka. Useme kwa Kiswahili, kwa Kiingereza kizuri au kile cha darasa la nne, vyote nitapokea. Huna haja ya kuwa na habari. Ukinyamaza kwenye simu na mimi nitanyamaza, tusikie tu kwamba kuna mtu upande wa pili. Na mimi nitajaribu kukusimulia kitu, nimeanza kufanya mazoezi. Jana nilimsimulia Bi Hansa stori ya mteja aliyetaka kifungo cha rangi ya maji. Alicheka kidogo, nadhani kwa ujirani.

Sikiliza basi, nisiandike mpaka karatasi za kufungia zipu ziishe. Sikukuondoa dukani kwa sababu nilikuchoka. Nilidhani wewe ndiye umenichoka mimi. Hukukosa kitu kituoni siku ile, na hukukosa kitu siku yoyote kabla ya hapo. Nilikutaka dukani kila siku. Nakuomba radhi, mwanangu, ya miaka kumi, na sijui inaombwaje.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii chini ya nguo kwenye sanduku, uikute Windhoek. Shangazi yako angesema ndivyo inavyofanywa. Nimebadili mawazo sasa hivi, baada ya kusoma nilichoandika, maana nimeona kuna mahali naweza kuwa nimeandika hivi na wewe ukasoma vile, halafu ukae huko peke yako miaka mitatu na tiki yako. Kwa hiyo nafunga duka mapema. Ukirudi nitakupa mkononi, utakaa kwenye kiti, nami nitakaa mbele yako mpaka umalize. Sitaenda jikoni. Ukitaka kukasirika, kasirika nikiwepo. Na hapo hapo ulipofika sasa, ninapoona macho yako yakishuka kwenye mstari huu, kama kuna neno limekuuma au hujalielewa, usilikunje ukaondoka nalo.

Inua uso, Nasra. Niulize.

Mama yako